Magari ya zamani ya foowili kutoka nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi

Majibu haya yanahusu magari ya foowili yaliyotengenezewa soko la nje, hasa Japani na Uingereza, ambayo sasa yanatumika Malindi, Watamu, Magarini na njia ya kwenda Lamu. Viwango vya ushuru hubadilika mara kwa mara, hasa Julai, Sheria ya Fedha inapoanza kutumika. Piga hesabu upya kabla hujatuma pesa.

Naweza kuagiza Land Cruiser ya 1994 kutoka Japani niisajili Kenya?

Huwezi. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko litokako, na usukani lazima uwe kulia. Njia ya mkato ni kutoa saba kwenye mwaka tulio nao: mwaka 2026 yanaingia yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2019. Linaloangaliwa ni gari kufika Mombasa, si siku uliyolipa. Meli kutoka Japani huchukua wiki nne hadi sita, na zaidi ikipitia bandari nyingi, kwa hiyo gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa likiwa bado liko Yokohama katikati ya Novemba, hiyo ni kamari. Likikataliwa, gharama ya kulirudisha ni yako.

Kulipitishia Tanzania au Uganda kwanza hakusaidii. Sheria ya umri haiulizi gari limeingilia mpaka gani.

Mbona mitandaoni wanasema gari likitimiza miaka 25 ndiyo linaruhusiwa?

Hao ni Wamarekani. Marekani gari la nje lisilofuata viwango vyao huruhusiwa likishatimiza miaka 25, na Kanada miaka 15. Kenya ni kinyume chake: uzee ndio unaolizuia. Ndiyo maana gari la zamani unalolitaka ni lazima ulipate miongoni mwa yale yaliyokwisha kuingia nchini miaka ya nyuma.

Yapi basi bado yanaweza kuagizwa?

Suzuki Jimny mpya, JB64 ya cc 658 na JB74 ya cc 1,462. Prado 150. Land Cruiser 200. Hilux. Pajero iliuzwa Japani hadi 2019, kwa hiyo mlango wake unafungwa. Jimny ya zamani, JB23, iliacha kuundwa 2018 na haiagiziki tena. Land Cruiser 70 ilirudi soko la Japani mwisho wa 2023 ikiwa na injini ya dizeli ya cc 2,754 na gia otomatiki, na bei yake ni ya gari jipya.

Ukiagiza Prado 150 ya dizeli ya soko la Japani, jua kwamba ina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, maji ya kusafisha moshi. Gari la kuzunguka Malindi mjini tu, kutoka sokoni hadi Casuarina na kurudi, halipati joto la kuchoma masizi hayo. Linahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa kwa dakika 20 hadi 30 mfululizo. Safari moja ya Kilifi kila wiki inatosha. Usipofanya hivyo taa itawaka, nguvu zitapungua, na fundi atakushauri ulikate chujio. Kabla hujafika huko, petroli ya cc 2,693 ingekufaa zaidi.

Ushuru unahesabiwaje?

KRA haianzi na bei uliyonunulia. Inaanza na bei ya gari hilo likiwa jipya kwenye orodha yake iitwayo CRSP, inapunguza uchakavu kwa umri, kisha inarudi nyuma hadi thamani ya forodha. Juu ya thamani hiyo, kwa viwango vya 2025:

Ushuru wa forodha ni 35%. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha: 20% kwa injini isiyozidi cc 1,500, 25% kwa inayozidi hapo, na 35% kwa petroli inayozidi cc 3,000 au dizeli inayozidi cc 2,500. VAT ni 16% ya jumla ya hayo yote. Halafu IDF, ada ya tamko la uagizaji, 2.5% na ada ya reli 2%, zote juu ya thamani ya forodha.

Chukua thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Prado ya dizeli ya cc 2,754 inalipa 350,000, kisha 472,500, kisha VAT 291,600, na ada 45,000: jumla 1,159,100. Prado ya petroli ya cc 2,693 kwa thamani hiyo hiyo inalipa 1,002,500. Jimny ya cc 1,462 inalipa 924,200. Tofauti ya dizeli na petroli peke yake ni zaidi ya 150,000, pesa inayotosha tairi na shokomzoba.

Karatasi ya mnada ya Japani naisomaje?

Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inakubalika. R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipopigwa puti, X ni kipande kinachofaa kubadilishwa na XX kilichokwisha kubadilishwa. Kwetu sisi wa pwani herufi mbili ndizo kubwa: S ni kutu, C ni kutu iliyokula. Gari lenye S upande wa chini liache, hata kama bei inavutia. Hilo mara nyingi limeishi Hokkaido au kaskazini mwa Honshu, barabara zinakomwagwa chumvi wakati wa theluji, na ukilileta Malindi unaliongezea chumvi juu ya chumvi.

Angalia na tairi. Gari likitoka huko likiwa na tairi za theluji, raba yake ni laini mno kwa lami yetu ya mchana na itaisha upesi.

Nimepata gari la zamani hapa hapa. Nithibitishe nini kabla ya kulipa?

Kwanza karatasi. Omba rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, kisha linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako mwenyewe. Kwenye Toyota nyingi namba imegongwa kwenye reli ya chasisi karibu na gurudumu la mbele la kulia, na bamba lake liko ndani ya boneti. Chukua brashi ya waya na tochi. Ikiwa eneo la namba limechomelewa, limesuguliwa au limepakwa rangi mpya peke yake, rudi nyumbani.

Gari la Japani halina namba ya tarakimu 17. Lina jina la muundo, kistari, kisha namba, kwa mfano KZJ95-0000000. Muuzaji akikuonyesha tarakimu 17 kwenye gari analosema ni la Japani, kuna kitu hakijasemwa.

Pili, historia ya ushuru. Magari ya miradi, mashirika na balozi huingia bila ushuru. Hayahamishiki kwa mtu wa kawaida hadi ushuru ulipwe, na pwani yako mengi, kwa sababu miradi imepita mingi. Hakikisha rekodi haionyeshi msamaha.

Tatu, usilipe fedha yote kwa ahadi ya "nitakuhamishia baadaye". Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe unaukubali kwenye yako. Mambo hayo mnaweza kuyafanya mkiwa mmekaa meza moja.

Herufi za namba ya gari, KAA hadi KD-nani, zinaonyesha lilisajiliwa Kenya lini. Hazionyeshi liliundwa lini.

Kwa nini mafundi husisitiza muundo badala ya jina la gari?

Kwa sababu "Prado" haimwambii muuza spea chochote. Prado ya umbo la 90 kuna KZJ95 yenye injini 1KZ-TE ya dizeli, KDJ95 yenye 1KD-FTV, VZJ95 ya petroli V6 na RZJ95 ya petroli silinda nne. Chujio, nozo, rejeta, alteneta, hata paipu za maji ni tofauti. Toyota Hilux Surf KZN185 ina injini ile ile ya KZJ95 lakini si kila kitu cha mbele kinaingiliana.

Na gari la Japani si gari la duka la Nairobi, hata majina yakifanana. Land Cruiser 79 inayounganishwa Mombasa kwenye kiwanda cha AVA imetengenezewa Afrika: injini 1HZ ya dizeli isiyo na taabo, vifaa vichache vya umeme, springi nzito nyuma. Ile ya soko la Japani ya miaka ya tisini ina vitu ambavyo fundi wa kawaida hajavizoea. Andika muundo kamili na namba ya injini kwenye simu yako, na usiende dukani bila hivyo.

Injini ipi nichukue, ipi niiogope?

1HZ, cc 4,164. Haina mbio, inakula mafuta, lakini inatengenezeka Garsen. Mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Ukiona imefungwa taabo ya kuongezewa mtaani, jua imepata mzigo ambao haikuundiwa.

1KZ-TE, cc 2,982. Ndiyo iliyojaa pwani, ndani ya Prado na Surf. Udhaifu wake ni silinda hedi ya aluminiamu, ambayo hupasuka ikichemka hata mara moja. Chanzo mara nyingi si hedi yenyewe, ni rejeta iliyoziba na feni ya silikoni iliyochoka. Kipimo: asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, angalia. Mapovu yasiyokwisha baada ya dakika mbili tatu ni gesi ya mwako inayopita. Funga, washa tena, shika paipu ya juu ya rejeta: ikikakamaa kabla injini haijapata joto, ni habari ile ile. Hedi iliyopasuka ikichomelewa huenda miezi kadhaa, ikarudi palepale. Hesabu hedi mpya kwenye bei, au shusha bei kwa kiasi hicho. Mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, na kwa kuwa odometa za magari haya zimepita mikono mingi, ubadilishe siku unayonunua.

1KD-FTV, cc 2,982 pia. Ina nguvu zaidi, ina umeme zaidi. Ubaya wake hauonekani nje: wosha za shaba chini ya nozo zikivuja, gesi inapita kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio la pampu ndani ya sampu. Injini inakufa kwa kiu ya oili huku dipstiki ikionyesha imejaa. Vua sampu, tazama chujio hilo, badilisha wosha. Kazi ya siku moja.

Mitsubishi 4D56, cc 2,477, ina mikanda miwili. Ule mdogo wa shafti za kusawazisha ukikatika huingia kwenye mkubwa, na vali zinagonga pistoni. Badilisha yote miwili pamoja. 4M40 ya cc 2,835 inatumia cheni, na kwa hilo peke yake tunaipendelea.

Isuzu Bighorn yenye 4JX1 usiiguse. Nozo zake zinaendeshwa kwa shinikizo la oili ya injini, na Malindi hakuna wa kukutengenezea. 4JG2 ya zamani zaidi ni nzuri. Nissan ZD30 ya mwanzo ilijulikana kwa kutoboa pistoni, wakati TD42 ni chuma.

Land Rover 300Tdi, cc 2,495, ni injini nzuri, na spea zake ni za bei rahisi kuliko za Toyota. Mkanda kwa mazingira yetu ya vumbi na joto usizidi kilomita 58,000, ambayo ni nusu ya muda wa kawaida. Za mwanzo mkanda wake hukaa upande na kujila. Ukikuta unga mweusi wa raba ndani ya kifuniko, tengeneza kabla ya safari yoyote.

Gari langu lina betri mbili. Ni volti 24?

Huenda. Land Cruiser 70 za soko la Japani kama HZJ73 na HZJ77 nyingi ni volti 24 kila mahali: taa, stata, waipa. HDJ81, yaani Land Cruiser 80 ya dizeli, ni mchanganyiko, stata inavuta 24 na mengine yote ni 12, kukiwa na kifaa cha kubadilisha katikati. Na kuna magari yenye betri mbili ambayo ni volti 12 tu. Pima kwa mita kwenye waya wa stata na kwenye taa kabla ya kununua balbu hata moja.

Kosa linalorudiwa kila siku: mtu anaweka redio ya volti 12 kwa kuvuta waya kutoka betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inaishiwa, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12, cha ampea 10 kwa redio na simu, 20 ukiwa na friji ndogo. Betri zinunuliwe mbili kwa siku moja, aina moja.

HDJ81 ikigoma kuwaka, mafundi wengi hulaumu stata. Anza na kile kifaa cha kubadilisha, kwa sababu chumvi hula miguu yake.

Kutu: nianzie wapi?

Chini. Bodi inayong'aa haina maana yoyote Malindi, mafundi wa rangi wapo na puti ipo. Chukua nyundo ndogo yenye ncha, lala chini, gonga reli ya chasisi kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia, kilichokwisha kinajibu kwa sauti nzito na vumbi jekundu linadondoka. Prado 90 na Surf huoza nyuma, kuanzia vishikizo vya mikono ya ekseli hadi juu ya gurudumu. Land Cruiser 80 huoza nyuma ya chasisi na kwenye fremu ya kioo cha mbele, chini ya raba usikoona. 70 ni mifereji ya paa na sakafu. Jimny ni vishikizo vya bodi na mahali rejeta inapokaa. Land Rover Defender inadanganya watu: bodi ni aluminiamu, lakini chasisi ni chuma, ukuta kati ya injini na abiria ni chuma, na pale metali hizi mbili zinapogusana kwenye unyevu wa chumvi aluminiamu inageuka unga mweupe.

Kuchomelea chasisi kunakubalika kukifanywa sawasawa. Bati la milimita 3, lipite sehemu mbovu hadi lifike chuma kizima pande zote, na ncha zake zikatwe mshazari. Fundi akichomelea mstari ulionyooka kukata reli kwa upana, ameweka mahali pa kuvunjikia. Toa nyaya za betri na kompyuta ya injini kabla moto haujaguswa, maana 1KZ-TE ina kompyuta ingawa watu wengi huidhania kuwa haina.

Mabomba ya breki ya chuma hubadilishwa yote, si kipande. Omba bomba la shaba na nikeli la inchi 3/16, miisho ikunjwe mara mbili, nati za Toyota ni M10 zenye uzi wa milimita 1. Bomba la shaba tupu, lile la friji, linauzwa bei rahisi na halifai kwa breki kabisa.

Baada ya ufuo wa Mambrui, baada ya kushusha mashua, au ukipita tambarare za chumvi za Gongoni na Kurawa, osha chini siku hiyo hiyo. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chasisi, acha maji yapite dakika kumi hadi yatoke masafi, zibua matundu ya chini kwa waya, egesha gari mteremkoni likauke. Wakati wa kusi hata gari lisiloenda ufuoni hupata chumvi ya upepo ikiwa limelala karibu na bahari. Likishakauka kabisa, piga nta ya kuzuia kutu ndani ya reli na milango, mara moja kwa mwaka kabla ya masika.

Oili chafu iliyopakwa chini ni desturi ya wengi. Inazuia kutu kidogo, inakula bushi za raba, na inakusanya mchanga unaosugua rangi. Hatuipendekezi.

Nitumie maji gani kwenye rejeta na kuoshea?

Si ya kisima. Visima vingi vya Malindi vina chumvi, na maji hayo kwenye injini ya aluminiamu huanza kuila kimyakimya. Kuoshea tumia maji ya mfereji yatokayo Baricho, au ya mvua. Ndani ya rejeta weka kulanti nusu na maji ya betri nusu, ubadilishe kila miaka miwili. Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo ambacho watu husahau: raba yake ikikauka shinikizo halishiki, maji yanachemka mapema, na 1KZ inapasuka hedi kwa ajili ya kifuniko.

Mchangani na kwenye tope la Tana nifanyeje?

Mchangani punguza upepo wa tairi hadi psi 18, ukizama shuka 15, na rudisha kabla ya lami. Usigeuze usukani kwa nguvu ukiwa na upepo mdogo, tairi itatoka kwenye rimu. Kampresa ya volti 12 yenye klipu za betri ni bora kuliko ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara.

Prado 90 ni foowili wakati wote, ina difu ya katikati, na unaifunga tu ukiwa kwenye utelezi. Gari lenye foowili ya kuchagua, kama 79, usiliendeshe kwa foowili kwenye lami kavu. Ekseli hazizunguki sawa kwenye kona, nguvu inajifunga ndani, na kinachovunjika ni transfa au shafti.

Udongo mweusi wa upande wa Garsen ukinyeshewa hauna ujanja. Tairi inajaza tope na inageuka gurudumu la udongo. Ngoja likauke.

Wanaoshusha mashua: ekseli iliyotoka safarini ni ya moto, ikiingia baharini ghafla hewa ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia sili. Subiri nusu saa, au pandisha mpira wa kupumulia wa difu hadi juu ya bodi. Oili ya difu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imwage siku hiyo. Kwenye Land Cruiser 70 na 80, ukiona oili nyembamba ikivuja kwenye tufe la gurudumu la mbele, sili ya ndani imekwisha na oili ya difu inaosha grisi ya beringi. Fungua yote, safisha, weka grisi mpya, badilisha sili pande zote mbili.

Jimny yangu inatikisika usukani kwenye kilomita 70 kwa saa.

Wengi hununua dampa ya usukani na kuficha ugonjwa. Anza na kusawazisha tairi, halafu beringi za kingipini, pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia, bushi za fimbo inayoshika ekseli kwa upana, kisha beringi za gurudumu. Mara nyingi ni kingipini. Kumbuka pia JB23 ni ya cc 658 yenye taabo, si ile Jimny ya cc 1,300 iliyouzwa kwingine. Injini zao hazishirikiani chochote.

Spea napata wapi?

Za kawaida Malindi mjini. Mombasa kwa vitu vya Toyota na Isuzu. Nairobi, Kirinyaga Road, kwa vinavyobaki. Vya gari la Japani lisilo la kawaida, Sharjah, ambako magari mazima hukatwakatwa na kuuzwa kwa vipande. Kwa injini kamili mara nyingi ni nafuu kununua nusu gari, mbele yote hadi dashibodi, kwa sababu unapata waya, kompyuta na viungo vyake pamoja. Kununua injini peke yake kisha kutafuta waya wake ni kazi ya mwaka.

Ukibadilisha injini, taarifu NTSA namba mpya irekodiwe, na hifadhi risiti na karatasi ya forodha ya injini hiyo. Bila hivyo gari halitauzika kihalali.

Bima?

Ya mtu wa tatu unapata. Bima kubwa kwa gari la miaka 15 na zaidi kampuni nyingi hukataa, nyingine hutaka ripoti ya uthamini kwanza.

Rafiki yangu Mwitaliano anataka kuja na Defender yake yenye usukani wa kushoto.

Anaweza kuja nayo kama mgeni, kwa Carnet de Passages en Douane, hati ya kuingiza gari kwa muda bila kulipa ushuru, ambayo huisha baada ya mwaka mmoja. Ni lazima gari litoke nchini na karatasi igongwe muhuri wa kutoka. Hawezi kuiuza hapa wala kuisajili. Akiliacha Malindi likapitisha muda, dhamana yake kwenye chama cha magari cha kwao itachukuliwa kulipia ushuru.

Redio ya Kijapani haishiki stesheni zetu.

Japani FM huanzia megahezi 76 na redio nyingi za zamani huishia 90. Zetu zinafika 108. Kuna kifaa kidogo cha kusogeza masafa, lakini sauti yake si safi. Ng'oa redio, weka nyingine. Skrini ya ramani ya Kijapani haigeuziki lugha kwenye nyingi ya hizi, usipoteze pesa.

Nataka gari la kwenda Lamu mara kwa mara. Kuna la kuzingatia zaidi?

Gari litaishia Mokowe, wewe utapanda boti. Likikaa hapo wiki mbili tatu karibu na jeti, diski za breki zitashika kutu na breki ya mkono inaweza kugandamana na dramu. Egesha mbali na maji kadiri uwezavyo, weka gia badala ya breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu, na toa waya wa hasi wa betri. Unaporudi, endesha mita mia ukikanyaga breki polepole kabla hujaingia barabara ya Witu.